Ilhamu, na kinachosikika siku ya pili

Kwa miaka mingi nimepiga kinanda bila karatasi ya nota mbele yangu. Nota nazisoma, na ndiko nilikoanzia, lakini sehemu ya muziki iliyonishika ni ile isiyoandikwa: wenzako wanashikilia mapigo, unaachiwa nafasi, na unatakiwa kutoa kitu ambacho dakika moja iliyopita hakikuwapo. Wanaosikiliza huuliza swali lile lile kwa maneno tofauti: haya mambo yanatoka wapi? Wengine hawaulizi, hujibu moja kwa moja: amejaliwa, ana karama, kazaliwa nayo.

Wanafalsafa wamelijadili swali hilo kwa zaidi ya miaka 2,300. Nimewasoma kwa hamu ya mtu mwenye shida yake, na nataka kusimulia nilichokipata nilipoziweka hoja zao kando ya kinanda.

Kilichonifundisha zaidi ni tabia moja ndogo. Tukimaliza kupiga, mazoezini au jukwaani, huandika mistari michache kabla sijalala: wapi nilihisi nimebebwa, wapi vidole vilikwenda vyenyewe, wapi nilibanwa nikatafuta pa kutokea. Siku ya pili, nikiwa nimetulia, ndipo nasikiliza rekodi huku maandishi yale yakiwa mkononi.

Pale nilipoandika kwamba nimebebwa, mara nyingi rekodi ilinisikizisha mambo ambayo vidole vyangu vinayajua siku zote. Vijipande vile vile, kupanda kule kule, kumalizia kule kule. Vimepigwa vizuri, tena kwa raha inayosikika, lakini havikuzaliwa usiku ule. Na pale nilipoandika kwamba nilibanwa, kwamba mpiga ngoma alibadili mwendo ghafla na sikujua nielekee wapi, ndipo mara nyingi nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukipiga kabla. Si kila mara. Zipo nyakati ambapo hisia na sauti zilikubaliana, na nyakati hizo nazikumbuka kwa shukrani. Lakini zilikuwa chache kuliko nilivyotarajia. Polepole nikalazimika kukubali kwamba kujihisi una ilhamu ni jambo moja, na upya wa kile unachokitoa ni jambo jingine kabisa. Yanaweza kukutana, yanaweza pia kupishana bila hata kusalimiana.

Tangu hapo nimekuwa nikiwasoma wanafalsafa wa kipaji kwa jicho hilo.

Nianze na Plato, mwanafalsafa wa kale wa Ugiriki, maana picha tuliyoirithi ni yake. Katika mazungumzo yake yaitwayo Ion, mwalimu wake Socrates anamhoji mtu aitwaye Ion, mghani wa tenzi za Homer, mshairi wa kale wa Wagiriki. Anamwambia kwamba mshairi ni kiumbe chepesi, chenye mabawa, kitakatifu, na kwamba hawezi kutunga mpaka akili yake imtoke. Nguvu ya mungu inafanya kazi kama jiwe la sumaku: jiwe linavuta pete ya chuma, pete hiyo inavuta nyingine, na nyingine, mpaka mnyororo mzima unaning'inia. Mungu, kisha mshairi, kisha mghani, kisha msikilizaji wa mwisho pale kwenye viti. Hata mtu ambaye hajawahi kulisikia jina la Plato anaitumia picha hii anaposema kwamba mwimbaji fulani jana alipandisha.

Wengi wanaoinukuu sumaku huishia hapo, nao wanakosa jambo lililo mbele kidogo tu. Socrates anamuuliza Ion kama anapoghani sehemu za kuhuzunisha huwa bado yuko ndani ya akili yake. Ion anaeleza kwamba machozi humjaa, nywele humsimama, moyo humdunda. Halafu anaulizwa kama anajua kuwa watazamaji nao hupatwa na hali hiyo hiyo. Anajibu kwamba anajua sana, kwa sababu kila mara huwatazama kutoka juu jukwaani. Lazima awatazame: wakilia, yeye atacheka akipokea malipo, wakicheka, yeye ndiye atakayelia.

Mtu amepagawa, machozi yanamtoka, na jicho moja liko wazi linahesabu watu. Kwa kawaida jibu hilo huchukuliwa kuwa kichekesho cha Plato dhidi ya mghani mwenye tamaa. Kwangu mimi niliyewahi kusimama jukwaani, ni sentensi ya kweli kuliko zote katika mazungumzo yale. Sijali pesa za Ion. Ninachokitambua ni lile jicho. Hata katika nyakati ambazo nilijihisi nimepotea kabisa ndani ya muziki, kulikuwa na kitu ndani yangu kilichojua mpiga besi yuko wapi, kilichojua zimebaki duara mbili kabla ya kurudi mwanzo, kilichojua sauti yangu imekuwa kubwa mno. Kisingekuwapo, tungesambaratika wote.

Aliyelieleza vizuri zaidi suala la hisia kudanganya hakuwa msanii wala mwanafalsafa wa sanaa. Ni Henri Poincaré, mwanahisabati wa Ufaransa. Katika kitabu chake cha mwaka 1908 anasimulia jinsi wazo kubwa la hesabu aliyokuwa akihangaika nayo lilivyomjia ghafla alipokuwa akikanyaga ngazi ya basi la farasi mjini Coutances, huku akiwa hawazi hesabu kabisa. Kisa hicho kinapendwa sana na watu wanaotaka kuthibitisha kwamba ubunifu hushuka wenyewe. Lakini Poincaré anaongeza mambo mawili. Kwanza, wazo la namna hiyo halikumjia ila baada ya siku za kazi ngumu ambayo ilionekana haina matunda. Pili, na hili ndilo lililonigusa, anasema ile hisia ya uhakika inayokuja pamoja na wazo wakati mwingine hudanganya, na inapodanganya huwa na nguvu ile ile kama inaposema kweli. Aliliona hilo hasa kwa mawazo yaliyomjia kitandani, asubuhi au jioni, akiwa kati ya usingizi na kuamka. Akikaa kuandika uthibitisho, ndipo wazo linaporomoka.

Mwanahisabati ana bahati ya kuwa na uthibitisho. Mwanamuziki ana nini? Ana sikio lake la siku ya pili, na masikio ya wengine. Hakuna zaidi, lakini si haba.

Immanuel Kant ndiye aliyenichukua muda mrefu kuliko wote, na bado sijamalizana naye. Katika kitabu chake cha mwaka 1790 kuhusu uwezo wa kuhukumu, anasema kipaji cha pekee ni tunu ya kuzaliwa nayo ambayo kwayo maumbile yenyewe yanaipa sanaa kanuni. Yaani gwiji hafuati kanuni iliyopo. Kazi yake ndiyo inayokuwa kanuni kwa wanaokuja baadaye. Na gwiji mwenyewe hawezi kueleza alivyofanya. Newton, anasema Kant, angeweza kumwonyesha mtu mwingine hatua zote alizopitia kutoka misingi ya jiometri mpaka ugunduzi wake mkubwa. Homer asingeweza kuonyesha jinsi mawazo yake yalivyokusanyika kichwani, kwa sababu hata yeye hakujua, kwa hiyo hakuwa na cha kumfundisha mtu.

Watu wakisikia hayo hudhani Kant anamtukuza msanii aliyeachiwa huru. Hapana. Katika ukurasa ule ule anaonya kwamba kunaweza kuwa na upuuzi ulio mpya kabisa. Upya pekee hautoshi, lazima kazi iwe mfano, kitu ambacho wengine wanaweza kujipimia nacho. Na mbele kidogo anasema jambo lililonishtua nilipolikuta mara ya kwanza: kipaji na uwezo wa kuonja uzuri vikigongana ndani ya kazi moja, na ikabidi kimoja kitolewe kafara, basi kitolewe kipaji. Uwezo wa kuonja ndio unaokipunguza kipaji mabawa na kukipa adabu.

Nilikaa na hoja hiyo kwa muda. Ilinisumbua kwa sababu moja ya kiufundi. Mwandishi ana wakati wa kupunguza mabawa: anaandika usiku, anafuta asubuhi. Mchoraji anapaka juu ya alichopaka. Sisi tunaobuni papo hapo hatuna kifutio. Nota ikishatoka imetoka. Sasa ule uwezo wa kuonja unafanya kazi saa ngapi?

Friedrich Nietzsche alikuwa na jibu, na jibu lake lilikuwa kali. Mwaka 1878 aliandika kwamba wasanii wananufaika watu wanapoamini kuwa ilhamu hushuka kutoka mbinguni kama mwanga wa neema. Ukweli, anasema, ni kwamba fikra za msanii mzuri huzalisha bila kukoma, vizuri, vya kawaida na vibovu kwa pamoja, na kinachomtofautisha ni uamuzi wake uliochongwa na mazoezi, ambao hutupa, huchagua na kuunganisha. Ushahidi wake ni madaftari ya Beethoven. Na kweli madaftari hayo yapo mpaka leo, melodi zikiwa zimeandikwa, zimekatwa, zimeandikwa tena kwa kubadilishwa nota moja, zimekatwa tena. Melodi ambazo sisi tunazisikia kana kwamba zisingeweza kuwa vinginevyo, zilikuwa vinginevyo mara nyingi.

Mpaka hapo nakubaliana naye. Lakini katika sehemu hiyo hiyo anasema kwamba mtu asiyechagua kwa ukali, anayejiachia kwenye kumbukumbu zake za kuiga, anaweza kuwa mbunifu mkubwa wa papo hapo, na kwamba ubunifu wa aina hiyo uko chini sana ukilinganishwa na kazi iliyochaguliwa kwa bidii. Nusu ya hoja hiyo rekodi zangu zinaiunga mkono. Ile sehemu ya kumbukumbu za kuiga nimeisikia kwa masikio yangu, kwenye vile vipande nilivyoandika kuwa nimebebwa. Nusu ya pili naipinga, na ninaipinga kwa sababu ya jambo nililolishuhudia kwa karibu.

Tulikuwa tukipiga wimbo tunaoujua wote, na mpiga saksafoni wetu akashikilia nota iliyo nje kabisa ya ufunguo. Hakuiacha. Akaishikilia mpaka hewa ikamwishia. Kwa nilichokuwa nikipiga wakati ule, nota ile ilikuwa mwiba. Nilikuwa na nafasi ya kuamua, fupi sana, kama niendelee na njia yangu ili wasikilizaji wadhani ameteleza, au niisogeze mikono yangu mahali ambapo nota yake ingekuwa nyumbani. Nikasogea. Mpiga besi akasikia, akanifuata. Ikawa wimbo umehamia mahali ambapo hakuna kati yetu aliyekuwa amepanga kufika, na nota iliyokuwa mwiba ikasikika kana kwamba ilikuwa imetangulia kutusubiri huko.

Hapo ndipo nilipopata jibu la saa ngapi. Anayebuni papo hapo naye huchagua, ila hachagui kwa kufuta. Huchagua kwa kuamua kilichotoka sasa hivi kitakuwa na maana gani, na nota inayofuata ndiyo hukumu ya nota iliyopita. Uwezo wa kuonja uko pale pale, unafanya kazi kwa kutazama nyuma huku mikono ikienda mbele. Nietzsche alikuwa akitafuta kifutio, na alipokikosa akadhani hakuna uamuzi.

Kutokana na hilo nikaanza kuelewa kwa nini kubanwa kulinipa mambo mapya kuliko kubebwa. Anayebebwa hahitaji kusikiliza, njia anaijua. Anayebanwa analazimika kusikia kilichopo, kwa sababu njia yake imefungwa.

Wapenzi wa muziki wanaujua mfano maarufu wa jambo hili. Tarehe 24 Januari 1975, Keith Jarrett, mpiga piano wa jazi wa Marekani, alifika kwenye jumba la opera la Köln, Ujerumani Magharibi, kupiga tamasha la piano peke yake bila kitu chochote kilichoandaliwa. Piano iliyokuwa jukwaani haikuwa ile iliyoombwa. Ilikuwa ndogo, nota za juu zilitoa sauti nyembamba ya bati, za chini hazikuwa na nguvu, na pedali hazikufanya kazi sawasawa. Tamasha lilianza karibu saa sita ya usiku, na alikaribia kukataa kupiga. Kwa kuwa juu palikuwa pabaya, alibaki sana katikati ya kinanda. Kwa kuwa chini palikuwa dhaifu, mkono wa kushoto ulirudia mapigo yake kwa nguvu mpaka ukatengeneza sakafu ya kusimamia. Rekodi ya usiku ule imeuzwa mamilioni ya nakala. Ninapoisikiliza sisikii mtu aliyeachiliwa huru. Nasikia mtu anayejadiliana na chombo kwa kila kidole, akiuliza hiki kitakubali nini.

Mwenzangu mmoja anayetunga mashairi aliwahi kuniambia, nilipomweleza haya, kwamba kwake si habari mpya. Anayetunga kwa mizani na vina anajua kwamba neno ulilolitaka mara nyingi halitoshi mizani nane, na kina cha kati kinakudai silabi ambayo hukuwa nayo. Unahangaika, unageuza mstari, na ghafla unasema jambo bora kuliko lile ulilokusudia. Bila kile kizuizi ungelisema lile la kwanza, lililokuwa juu juu, ambalo kila mtu angelisema. Na malenga anayejibu papo hapo mbele ya watu amebanwa mara mbili: na mizani, na hoja ya aliyemtangulia.

Aliponiambia hivyo nikakumbuka kazi ya mtafiti wa Marekani, Milman Parry, na msaidizi wake Albert Lord, waliokwenda Yugoslavia miaka ya 1930 kuwarekodi waimbaji wa tenzi ndefu. Mwaka 1935 mwimbaji mmoja, Avdo Međedović, asiyejua kusoma wala kuandika, aliwapa utenzi mmoja wenye mistari zaidi ya 12,000. Hakuwa ameukariri neno kwa neno. Aliutunga akiwa anausema, kwa kutumia mafungu ya maneno yanayoenea kwenye mizani, ambayo alikuwa ameyasikia tangu utotoni, akiyapanga upya, akiyarefusha, akiyapamba. Ukiwauliza wasikilizaji, wangesema ni karama. Ukimsikiliza kwa makini, unasikia mtu mwenye ghala kubwa na sikio la kujua lipi litoke sasa.

Je, mtu akiwa na ghala kubwa na mizani ngumu anakuwa gwiji? Hapana, na hapa lazima niwe mwaminifu kwa Kant. Nimewajua watu wenye ghala kubwa kuliko langu, wanaofanya mazoezi zaidi yangu, ambao kila kitu chao kinatabirika. Na nimewajua wenye ghala dogo ambao kwa nota tatu wanakufanya uinue kichwa. Kuna kitu kinabaki hata baada ya kueleza yote yanayoelezeka. Sikubali tu kukiita kupagawa.

Kinachonikera katika simulizi za kupagawa ni jinsi zinavyotengenezwa. Kwa muda mrefu ilienezwa barua inayodaiwa kuwa ya Mozart, ikieleza kwamba muziki humjia mzima kichwani, akausikia wote kwa mara moja, na kazi yake ikawa kuunakili tu. Barua hiyo ilichapishwa mwaka 1815 na Friedrich Rochlitz, na wataalamu wameshaonyesha kwamba Mozart hakuiandika. Barua ambayo ni yake kweli ni ile ya tarehe 1 Septemba 1785, alipomtunukia Joseph Haydn vipande sita vya muziki wa vyombo vinne vya nyuzi. Humo anaviita tunda la kazi ndefu na ya taabu. Alikuwa amevifanyia kazi tangu 1782. Fikiria ni barua ipi kati ya hizo mbili iliyonukuliwa zaidi.

Samuel Taylor Coleridge, mshairi wa Uingereza, naye alipochapisha shairi lake la Kubla Khan mwaka 1816 aliandika utangulizi akisema lilimjia usingizini, mamia ya mistari, na kwamba alipoamka akaanza kuliandika, akakatizwa na mtu aliyekuja kwa shughuli, mengine yakapotea. Mwaka 1934 ikaonekana nakala ya shairi hilo kwa mkono wake mwenyewe, na maneno ndani yake yanatofautiana na yale yaliyochapishwa. Kwa hiyo alilirekebisha. Halipungui uzuri kwa hilo. Kwangu uzuri unaongezeka, maana sasa namwona mtu akilisikiliza tena.

Mwaka 1924 André Breton, mshairi wa Ufaransa, aliandika ilani akipendekeza kuandika bila usimamizi wowote wa akili, haraka iwezekanavyo, bila kusoma nyuma. Nimejaribu njia hiyo kwenye kinanda. Inafaa kwa kuamsha mikono iliyolala. Baada ya hapo inazunguka mahali pamoja, kwa sababu kinachotoka kwanza unapoacha kusikiliza ni mazoea.

Kuna utafiti unaotajwa sana siku hizi. Mwaka 2008 watafiti Charles Limb na Allen Braun walichapisha matokeo ya kuwaweka wapiga piano sita wa jazi ndani ya mashine inayopiga picha za ubongo, wakiwa na kinanda kidogo, na kulinganisha wanapopiga walichokariri na wanapobuni. Walipobuni, sehemu za mbele pembeni zinazohusishwa na kujisimamia zilipungua shughuli, na sehemu ya mbele katikati, inayohusishwa na mambo ya nafsi, ikaongezeka. Wengi husema basi imethibitishwa, msimamizi hulala. Lakini utafiti ule ule ulionyesha kwamba sehemu za hisi na mwendo zilichangamka zaidi. Naisoma kwa uzoefu wangu, na huu ni usomaji wangu tu: anayelala ni yule anayeogopa kuchekwa. Anayesikiliza yuko macho kuliko kawaida.

Zhuangzi, mwanafalsafa wa kale wa Uchina, ana kisa cha mchinjaji ambaye kisu chake, baada ya miaka 19 ya kazi, bado ni kikali kana kwamba kimetoka kunolewa, kwa kuwa hupita katikati ya viungo bila kugusa mfupa. Watu hukisimulia kama kisa cha wepesi, cha mkono unaokwenda wenyewe. Lakini mchinjaji anaeleza kwamba kila anapofika kwenye kiungo chenye utata, huona ugumu wake, hujihadhari, hukaza macho, hupunguza mwendo, na kisu hukisogeza kidogo sana. Sehemu hiyo ndiyo ninayoisoma kwa wanafunzi wangu.

Ninafundisha, ndiyo, na kufundisha kumenionyesha upande mwingine wa neno kipaji: nani anapewa. Arthur Schopenhauer aliandika bila haya kwamba wanawake wanaweza kuwa na uwezo mkubwa lakini si kipaji cha pekee. Sentensi hiyo haisomwi tena kwa sauti, ila bado inaishi. Nimesikia wazazi na hata walimu wakimsifu mvulana kwa karama na msichana kwa bidii, baada ya kupiga kipande kile kile kwa ubora ule ule. Mvulana anaondoka akijiona ana chemchemi ndani. Msichana anaondoka akijua kwamba akipumzika kidogo ataanguka. Baada ya hapo mmoja anathubutu kubuni mbele ya watu na mwingine hathubutu, halafu tunasema mliona, kipaji hujitokeza chenyewe. Nietzsche alisema tunamwita mtu wa kimungu ili tusilazimike kushindana naye. Nimeona pia tukimnyima mtu jina hilo ili asithubutu kushindana nasi.

Kwa hiyo darasani sisemi kipaji, na siwaambii wajiachie. Nawapa kizuizi: nota nne tu, au mkono wa kushoto pekee, au kila sentensi ianzie pale ya mwenzako ilipoishia. Kisha tunarekodi, na siku ya pili tunasikiliza. Kabla ya kusikiliza kila mmoja anasema alijisikiaje. Nimewaona wakishangaa kama nilivyoshangaa mimi, na mara nyingi anayeshangaa zaidi ni yule aliyesema hakufanya kitu.

Turudi kwa yule anayebaki bila kuelezwa, mwenye nota tatu. Katika Ion yule yule, Socrates anatoa mfano wa Tynnichus wa Chalcis, mshairi ambaye hakuwahi kutunga kitu cha kukumbukwa, isipokuwa wimbo mmoja wa sifa ambao kila mtu aliuimba, karibu mzuri kuliko nyimbo zote. Kwa Plato huo ni ushahidi wa wazi kabisa: mungu kwa makusudi aliimba wimbo mzuri kupita yote kupitia mshairi dhaifu kupita wote. Mimi nikiusoma nawaza kazi ya Tynnichus siku zile nyingine zote, nyimbo zilizosahaulika, ambazo kwa ninavyojua huenda alizitunga huku machozi yakimtoka. Na ningependa kujua kama siku ile ya wimbo mmoja alihisi chochote, au kama aliumaliza, akaona si mbaya, akaendelea na mwingine, mpaka aliposikia watu wanauimba.